Mtoto Tuliyeshindwa Kumwita

Siku mama yetu alipoondoka, mkate ulikuwa bado majivuni. Aliukanda mwenyewe, akaufukia kwenye moto wa uani, kisha akakaa kando na mjukuu wake wakisubiri uive. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Mbwa walijikunja karibu na moto mpaka mmoja akaunguza mkia.

"Somo," mama alimwambia mtoto, "nipulizie chai yangu."

"Na wewe nipulizie yangu, somo."

Walikuwa na jina moja. Mtoto alipozaliwa, mama alimpa jina lake mwenyewe, na tangu siku hiyo hawakuitana bibi na mjukuu. Waliitana somo. Mtoto alikuwa na miaka minne. Walilala blanketi moja. Walipokwenda kuchimba sisimizi wa asali chini ya migunga, mama alishika fimbo yake ya chuma na mtoto alishika kijiti chake, na waligombana kama watu wa rika moja juu ya nani achimbe wapi.

Mimi naitwa Marita. Mtoto huyo alizaliwa na dada yangu mkubwa, Delma. Kwetu, mtoto wa dada yako ni wako pia.

Figo za mama zilikuwa zimechoka siku nyingi. Muuguzi wa zahanati alimwambia ahamie mjini Alice, kwenye mashine za kusafisha damu. Mama alikataa.

"Nikazeekee kwenye korido?" alisema. "Mchanga wangu uko hapa Wanari."

Asubuhi ile, kabla mkate haujaiva, aliegemea upande mmoja kama mtu anayetaka kulala. Hakuinuka. Muuguzi alikuja na gari, akaita ndege. Tulimbeba mama kwa machela hadi kiwanjani, na mtoto akatukimbilia nyuma.

"Somo anakwenda wapi?"

"Alice," alijibu Delma.

"Hana ndala! Ameacha ndala zake kando ya moto!"

"Atarudi. Nyamaza."

Ndege ikapaa. Mtoto aliipungia mkono mpaka ikawa nukta. Tuliporudi nyumbani, mkate ulikuwa mkaa mtupu.

Mama hakurudi. Alifia Alice, na habari ikatufikia kwa simu ya zahanati.

Jina lake sitaliandika hapa. Kwetu sisi Waanangu, wenyeji wa jangwa la Australia, mtu akifa, jina lake linapumzishwa. Halitamkwi. Picha zake zinafichwa. Nyumba yake inahamwa, inafukizwa moshi, na nyayo zake mlangoni zinafagiliwa kwa matawi. Vitu vyake vinachomwa au vinagawiwa watu wa mbali. Tunafanya hivyo ili roho iende zake bila kugeuka nyuma, na ili sisi tuliobaki tusichomwe na kila kitu tunachokigusa. Yeyote mwenye jina lile, hata kama ni jirani tu, anaitwa Kunmanara mpaka wenye msiba watakapotoa ruhusa. Ruhusa inaweza kuchukua miaka.

Sisi watu wazima tunayajua hayo. Sikumbuki nani alinifundisha. Niliyajua tu, kama unavyojua njia ya kwenda kisimani.

Lakini yule mtoto aliamka siku moja akakuta somo hayupo. Nyumba yao imefungwa. Picha iliyokuwa ukutani, ya yeye na somo wakicheka, haipo. Tumehamia kambi ya msiba, mahema ya turubai upande wa magharibi wa kijiji. Na kila mtu anamwita Kunmanara.

Ndugu walianza kufika kutoka vijiji vingine. Kila gari lilipofika, tulianguka mchangani tukalia kwa sauti. Watoto tuliwaondoa. Tuliwafungia kwenye gari la mjomba Murray, kiyoyozi kikiwaka, tukawapa simu watazame katuni. Tulidhani tunawahurumia.

"Somo atarudi lini?" mtoto aliuliza kupitia dirisha la gari.

"Ameenda," alisema Delma. "Tazama katuni yako."

*

Mjomba Murray ndiye aliyekusanya vitu vya mama. Alihesabu blanketi, sufuria, fimbo ya chuma.

"Ndala ziko wapi?" aliuliza.

"Mbwa wamebeba," nilisema. "Mbwa wa hapa hawaachi hata soksi."

Tulicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Hakuna aliyemtazama mtoto.

Kila asubuhi mimi ndiye niliyempeleka chekechea. Pale kuna watu wawili. Mwalimu Kirsten ametoka mjini Adelaide na ana miaka kadhaa nasi. Dada Noreen ni wa kwetu, binti wa mmoja wa mama zetu wadogo, na amelea watoto wa kijiji hiki tangu mimi nikiwa msichana.

Siku ya kwanza baada ya msiba, watoto walikaa duara kama kawaida. Wanaimba salamu. Kila mtoto akitajwa, anasimama.

"Na Kunmanara yuko wapi?" aliimba mwalimu Kirsten.

Mtoto hakusimama.

"Kunmanara? Simama, mpenzi."

Alisimama. Alikunja ngumi, akapiga kelele: "Mimi si Kunmanara! Mimi ni..."

Akalitaja. Akalitaja jina lote, kwa sauti, chumba kizima kikasikia.

Mama mmoja mzee aliyekuwa amemleta mjukuu wake alifunika masikio, akatoka nje akiacha mfuko wake. Mimi nilimrukia mtoto nikamziba mdomo kwa kiganja. Aliniuma. Alama ya meno ilikaa mkononi mwangu siku kadhaa.

Kuanzia hapo mambo yaliharibika. Aliacha kula mezani na wenzake. Akiguswa, anapiga. Akiombwa kitu, anakirusha. Mchana alipanga viti viwili kimoja nyuma ya kingine, akakaa cha mbele, akanguruma kama ndege. Hakumruhusu mtu kukaa cha nyuma.

Kisha ikaja siku ya Tahlia. Tahlia ni mtoto wa jirani, ana mdomo. Alitaka kukaa kwenye kile kiti cha nyuma. Alipokataliwa, alisema, "Jina lako limekufa. Na wewe utakufa."

Mtoto wetu alichukua kipande cha mbao cha kuchezea akampiga nacho usoni. Damu ikatoka puani.

Jioni mama Tahlia alifika kambini, mikono kiunoni, Tahlia nyuma yake.

"Mfungeni huyo mtoto wenu! Amekuwa dingo wa mwituni?"

"Wako ana mdomo kama king'ora cha polisi," Delma alimjibu bila kuinua kichwa. "Mfunge wewe kwanza."

"Wangu hajavunja pua ya mtu!"

"Pua yake ipo. Naiona ikikoroma hapo."

"Delma! Ungekuwa huna msiba, leo ungenijua!"

Ndugu waliwatenganisha. Mtoto alikuwa ndani ya hema, amejifunika blanketi gubigubi. Nilimsikia akipumua haraka haraka, kama mnyama aliyefukuzwa.

*

Kesho yake dada Noreen alikuja. Alikaa chini, akanywa chai kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akasema.

"Mwalimu anawaza mtoto akae nyumbani kidogo. Wazazi wengine wanalalamika. Mimi nimemwambia tusubiri. Akifukuzwa na huku, atabaki na nini? Nimekuja kuuliza. Mmemwambia?"

"Tumwambie nini?" aliuliza Delma.

"Kwamba bibi yake amekufa."

Delma aliangalia pembeni, kuona kama kuna aliyesikia. "Unajua sheria."

"Naijua. Sikusema jina. Nimesema mmemwambia?"

"Ana miaka minne. Hajui kifo. Atasahau."

"Hajasahau, Delma. Kila siku anaendesha ndege ya viti. Mwalimu Kirsten ndiye aliyeligundua, maana mimi nilikuwa naona fujo tu. Kila siku ndege inakwenda Alice, anasubiri, na kiti cha nyuma kinabaki kitupu. Halafu anaanza kupiga watu."

"Ni utundu. Mama alimdekeza."

"Ni msiba. Wewe ukiwa na msiba unalala mchangani unalia, na watu wanakuja kukushika. Yeye anafungiwa garini na katuni. Msiba wake unatokea wapi? Unatokea mikononi."

Delma aliweka kikombe chini kwa nguvu, chai ikamwagika.

"Noreen. Usinifundishe kumlilia mama yangu."

Noreen alikunja sketi yake, akainuka. Alipofika mbali kidogo aligeuka.

"Akiuliza tena," alisema, "usimwambie ameenda. Mtu aliyeenda hurudi."

Delma alipangusa chai iliyomwagika. Na mimi sikumuunga mkono Noreen. Delma ndiye mkubwa, na ndiye mama yake.

*

Mazishi yalichelewa, kama yanavyochelewa kwetu. Ndugu walikuwa mbali, na mwili ulikuwa bado Alice. Baridi ikaisha, joto likaingia. Hatimaye mama yetu mdogo Verna, mdogo wake marehemu, alikwenda mwenyewe kuuleta mwili kwa gari.

Asubuhi hiyo mjomba Murray alipokea simu, akatangaza kambini kwa sauti kubwa, "Wameshatoka Alice! Mama yenu analetwa nyumbani leo!"

Wanawake walianza kujipaka udongo mweupe. Sisi tulikuwa tukikata matawi. Kulikuwa na shughuli nyingi. Ilipofika saa za jua kali, nilikwenda kwenye gari la Murray kuwapa watoto maji.

Mlango mmoja ulikuwa wazi. Mtoto wetu hayumo.

"Yuko wapi mwenzenu?" niliuliza.

Tahlia, pua yake ikiwa na kovu, hakutoa macho kwenye katuni. "Ameshuka zamani."

Nilitazama nyuma ya mahema. Nilitazama kwenye tangi la maji. Nilirudi nikikimbia.

"Delma, mtoto hayupo."

Mchanga wakati ule huchoma kama bati. Nje ya kijiji hakuna kivuli wala maji, na mbwa wa mwituni huzunguka jalalani. Mtoto mdogo haendi mbali kabla jua halijamwangusha. Kila mmoja wetu alilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Tulitawanyika. Delma alisimama katikati ya barabara, akaweka mikono mdomoni, akavuta pumzi ili aite. Nilimwona. Jina lilifika kwenye meno, akalibana. Alibaki ameacha mdomo wazi, hakuna sauti inayotoka.

Kisha akaita, "Kunmanara!"

"Naam!" Bibi mmoja aliitika kutoka barazani kwake. "Mnaniitia nini na jua hili?"

"Si wewe, bibi! Kunmanara!"

"Nini?" Kijana mmoja wa kike aligeuka mlangoni pa duka, na yeye jina lake lilikuwa limepumzishwa.

"Si wewe!"

"Basi nani?"

Delma hakuweza kusema nani. Tulikuwa tunamtafuta mtoto ambaye hatuwezi kumwita. Hata kama alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa karibu, angetusikia tukimwita mtu mwingine.

Dada Noreen alikuja mbio kutoka chekechea, mwalimu Kirsten nyuma yake na chupa ya maji.

"Acheni kuita," alisema Noreen. "Tazameni chini."

Kijijini kwetu kila mtu anajua unyayo wa kila mtu. Tuliinama. Karibu na gari palikuwa na nyayo ndogo za miguu mitupu, wazi kabisa. Tulizifuata. Zilikwenda kwenye ile nyumba iliyofungwa, zikazunguka nyuma, zikaingia chini ya baraza. Hapo zikaishia.

Na kutoka chini ya baraza, zikielekea nje ya kijiji, zilitoka nyayo nyingine.

Zilikuwa nyayo za ndala. Ndala ya kushoto ilikuwa imelika kisigino upande wa nje, na ukanda wake ulifungwa kwa waya uliochora mstari mchangani. Niliijua alama ile kabla sijafikiri. Nimeifuata maisha yangu yote. Zilikuwa nyayo za mama yetu, mpya, juu ya mchanga tuliokuwa tumeufagia wenyewe kwa matawi.

Mjomba Murray alirudi nyuma hatua kadhaa. "Mimi hapo sipiti," alisema kwa sauti ndogo. "Ondokeni. Mwacheni apite."

Wanawake wawili walianza kulia. Ulikuwa mchana wa jua kali, na mimi nilikuwa natetemeka.

Delma peke yake ndiye aliyesogea. Alipiga magoti. Alishika mchanga kando ya unyayo, akautazama, akatambaa kwenye wa pili, akatambaa kwenye wa tatu.

"Hatua ni fupi," alisema. "Na anaburuta. Mama hakuburuta miguu hata alipougua. Vidole vimefika katikati tu ya ndala." Aliinua uso. "Ni mwanangu. Amevaa ndala za mama. Alizificha."

"Anakwenda wapi?" aliuliza mwalimu Kirsten.

Nyayo zilielekea kaskazini, moja kwa moja, bila kupinda. Nilikumbuka sauti ya Murray asubuhi. Mama yenu analetwa nyumbani leo.

"Kiwanjani," nilisema. "Ndege ilimchukua. Anaona ndege itamrudisha."

Tulikuwa tumeanza kukimbia tuliposikia mngurumo. Ilikuwa ndege ya zahanati, inayoleta dawa. Rubani hupita chini mara moja kwanza kutazama kama kuna kangaruu kwenye njia, kisha huzunguka na kutua. Tulipofika kwenye uzio alikuwa ameshapita. Alikuwa anageuka.

Mtoto alikuwa amesimama katikati ya njia ya ndege. Ndala moja mguuni, nyingine ameishika juu ya kichwa. Alikuwa anaipungia ndege.

"Kunmanara!" niliita. "Toka hapo! Kunmanara!"

Hakugeuka hata shingo.

Noreen aliita. Mwalimu aliita. Ndege ilianza kushuka. Sijui kama rubani alimwona. Kati yetu na mtoto palikuwa na mchanga mwingi mno.

Ndipo Delma alipoita.

"Somo!"

Sauti ya Delma ni ya mama yetu kabisa. Watu walikuwa wakiwachanganya kwenye simu. Mtoto aligeuka mara moja. Uso wake ulifunguka kama mlango. Alivua ile ndala ya mguuni, akaanza kukimbia kuja kwetu, miguu mitupu juu ya mchanga ule wa moto, ndala mikononi, akicheka.

Delma aliruka uzio akamdaka. Ndege ikatua nyuma yao na vumbi likatufunika sote.

"Somo yuko wapi?" mtoto aliuliza, akichungulia juu ya bega la mama yake. "Ameniita. Nimemsikia."

Delma alimkumbatia kwa nguvu zaidi.

"Yuko kwenye ndege? Niachie! Nimemletea ndala!"

Alipigana atoke. Alipiga teke, aliuma. Delma hakumwachia, wala hakumpiga. Mlango wa ndege ulifunguliwa. Rubani alishuka. Akashusha sanduku moja la dawa, akashusha la pili. Akafunga mlango.

Mtoto aliacha kupigana. Aliutazama mlango ule uliofungwa.

Noreen alikaa mchangani karibu nao. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwambie sasa. Maneno mafupi. Maneno ya kweli. Sisi tupo hapa."

Delma alimgeuza mtoto amtazame. "Mimi ndiye niliyekuita," alisema. "Bibi yako hakukuita. Bibi yako amekufa."

"Amekufa ni nini?"

"Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui tena. Haoni njaa. Haumwi. Hatarudi kwa ndege."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

Mtoto alifikiri. "Ni kwa sababu nilisema jina?"

Nilijiziba mdomo. Muda wote ule alikuwa amelibeba hilo peke yake.

"Hapana," alisema Delma. "Hapana, mwanangu. Ni figo. Figo zake ziliharibika. Wewe hukufanya kitu kibaya."

"Tahlia amesema jina langu limekufa. Na mimi nakufa?"

"Hufi. Wewe mzima, unapumua, sikia." Delma aliuweka mkono wa mtoto juu ya kifua kidogo cha mtoto mwenyewe. "Jina tumelipumzisha, kwa sababu tukilisikia tunaumia mno. Nilipaswa kukuambia tangu siku ya kwanza. Wewe hatukukupumzisha. Wewe tunakutaka."

Mtoto alizitazama ndala. "Nani atamvisha?"

Hapo Delma alilia. Alilia kwa sauti, kama tunavyolia kambini, kichwa mchangani. Mtoto alimtazama, kisha na yeye akaanza. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto mdogo. Noreen aliweka mkono mgongoni mwake na hakumwambia anyamaze. Nami sikumwambia. Alilia mpaka akachoka, akanywa maji ya mwalimu Kirsten, akasema ana njaa.

*

Mama mdogo Verna alifika na mwili jioni. Tulipomaliza kilio cha mapokezi, tulimweleza yaliyotokea. Alisikiliza huku akifungua viatu vyake vya safari.

"Kwani ni nani aliyekataza mtoto kuambiwa?" aliuliza.

"Sheria, mama," alisema Delma.

"Sheria gani? Sheria imekataza jina. Sisi tulipokuwa wadogo, msiba ukiingia, mtoto alikaa katikati, kwenye mapaja ya shangazi zake. Alilia nasi, alipakwa udongo kama sisi. Hayo magari ya baridi na katuni mmeyatoa wapi? Ni Murray?"

"Lakini dada, kulikuwa na joto..." Murray alianza.

"Nyamaza wewe, uliyekimbia ndala."

Watu walicheka, na Murray akacheka pia.

Verna alimwita mtoto akampakata. "Jina la Kunmanara ni la kuazima," alimwambia. "Linawatosha wakubwa, maana wakubwa wanajua wao ni nani. Wewe bado unajifunza. Nitakupa langu. Kuanzia leo wewe ni Verna. Ukiitwa, tutaitika wote wawili."

Mtoto alimkazia macho. "Kwa hiyo wewe ni somo?"

Verna alimfuta mtoto vumbi usoni. "Mimi ni Verna mwenzio," alisema. "Somo alikuwa mmoja."

Siku ya mazishi mtoto alikaa katikati yetu, na udongo mweupe kwenye paji la uso. Ndala aliziweka mwenyewe ndani ya kaburi, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia.

Msiba wake haukuisha siku hiyo. Noreen alituonya mapema. "Atauliza tena na tena," alisema. "Mjibuni vilevile kila mara. Si kwamba hajasikia. Anapima kama jibu bado ni lile." Na kweli aliuliza, akioga, akila, akiwa dukani mbele ya watu. Delma alimjibu vilevile.

Chekechea walitenga kona ya mchanga laini. Mama zetu husimulia hadithi kwa kuchora mchangani kwa kijiti, na tukio likiisha wanafuta kwa kiganja na kuanza jingine. Noreen alikaa hapo na mtoto kila asubuhi, yeye yuleyule, saa ileile, kabla ya wimbo wa salamu. Mtoto alichora moto. Alichora watu wawili kando ya moto. Alifuta. Alichora ndege. Alifuta. Alichora mtu mmoja.

"Huyu anajisikiaje?" Noreen aliuliza.

"Anataka kupiga."

"Wapi panataka kupiga?"

Mtoto alishika tumbo.

"Hiyo ni huzuni, imekaa tumboni imegeuka hasira. Ikija, njoo uniambie: Noreen, tumbo langu. Nitaacha chochote ninachofanya. Ukitaka kupiga, piga mchanga huu. Mwenzako usimpige."

Mwalimu Kirsten alijifunza maneno hayo kwa lugha yetu ili ayajibu hata Noreen asipokuwepo. Aliyatamka vibaya, watoto wakamcheka, wakamfundisha upya. Sasa kwenye duara hawaimbi majina tu. Kila mtoto anasema leo ndani yake kukoje. Tahlia siku ya kwanza alisema, "Ndani yangu kuna chipsi."

Mama Tahlia alikuja kambini na mkia wa kangaruu uliochomwa, akauweka mbele ya Delma.

"Mwanangu alisema neno baya."

"Wangu alipiga," alisema Delma. "Kaa ule."

Sasa mtoto ana miaka sita na yuko shule. Ukimwita Verna, anageuka. Bado anachimba sisimizi wa asali, na sasa anakwenda na mimi, na ananigombeza kuwa nachimba mahali pabaya. Jina la zamani bado limepumzishwa, nasi bado hatujatoa ruhusa. Siku tukiitoa, tutamuuliza yeye kwanza kama analitaka.